Kaskazini ya Chumbani Kwetu

Kru, kru, kru. Nilidhani ni panya ameingia kwenye mfuko wa unga. Nikatulia nisikilize. Sauti ikakoma, ikaanza tena, karibu kabisa na sikio langu, kisha nikasikia mtu anapuliza vumbi taratibu. Umeme ulikuwa umekatika tangu jioni na chumba kizima kilikuwa giza, lakini pumzi ile naijua. Niliizaa mwenyewe.

"Hamisa?"

"Abee, mama."

"Unafanya nini gizani?"

"Nachonga penseli."

"Alfajiri yote hii?"

"Ramani haijaisha, mama. Mwalimu Ponsiano anazikusanya leo."

Nikapapasa simu chini ya mto, nikawasha tochi. Mwanangu alikuwa amekaa upande wa miguuni ndani ya chandarua, karatasi ya manila imelala mapajani, vipande vya penseli vimetapakaa kwenye shuka niliyoifua juzi. Ningemgombeza siku nyingine. Siku hiyo nilisogea nikakaa naye, kwa sababu mambo ya darasa lao yalinipendeza mimi kuliko yeye.

Hamisa yuko darasa la nne, katika shule iliyo karibu na kwetu hapa Mkuza. Muhula ule Mwalimu Ponsiano alikuwa hawaachi watoto wakae. Somo la Sayansi waliotesha maharage kwenye chupa za maji zilizokatwa, na nyumba nzima tukawa tunaishi na kuamka kwa ajili ya mharage mmoja. Hisabati walipima uwanja wa mpira kwa kamba zenye mafundo. Aliwapeleka Ruvu kuona maji ya bomba yanakoanzia safari, kila mtoto akarudi na chupa ya maji ya mto, mekundu kama chai ya maziwa, wakayaweka dirishani darasani kutazama tope linavyoshuka. Kisha wakayaandikia insha. Sasa ilikuwa zamu ya Jiografia na Mazingira: kila mtoto achore ramani ya nyumbani kwao na aonyeshe pande nne za dunia. Mwalimu angepita nyumba kwa nyumba na darasa lake na dira mkononi, wakague. Mwisho wa yote, safari ya Kisarawe, kwenye msitu, wakatumie kila walichojifunza.

Mimi sikusomeshwa hivyo. Nilimaliza la saba kule Chole, Kisarawe, kwenye darasa ambalo ramani ya Afrika ilikuwa imechorwa ukutani na mvua ikafuta Madagaska. Baada ya hapo nikakaa nyumbani, nikaolewa, nikahamia Kibaha, nikamzaa Hamisa. Masomo ya jioni niliyaanza akiwa mdogo. Alikuwa analala kwenye benchi la nyuma, kichwa kwenye mkoba wangu, huku sisi watu wazima tunahangaika na milinganyo. Mtihani wa kidato cha nne niliufanya nikafaulu. Jiografia nilipata C. Wengine watacheka kusikia mtu anajivunia C, lakini mimi nilivyoiona ile herufi kwenye simu nilikaa chini, pale pale kwenye mchanga.

Ninataka kuwa mwalimu. Sijawahi kulificha. Mwalimu Ponsiano alikuwa anajua, na kwenye kikao cha wazazi alisimama akasema, "Mwigeni Mama Hamisa. Anakaanga maandazi asubuhi, jioni yuko darasani." Baadaye akaniita pembeni, akaniambia wakati nasubiri nafasi ya chuo angemwomba mwalimu mkuu niwe naenda kuwasaidia darasa la kwanza kusoma, kwa kujitolea. Nilirudi nyumbani siku hiyo kama niliyevishwa viatu vipya.

Basi alfajiri ile tukainamia manila, mama na mwana. Nyumba kubwa ya mbele, ya mwenye nyumba wetu, Mama Zaidi, Hamisa alikuwa ameichora vizuri na paa lake la bati. Vyumba vyetu viwili vya uani vilikuwepo. Banda la kuku lilikuwepo, na kuku wawili ambao mwalimu hakuwaagiza.

"Mama, kaskazini niiweke wapi?"

Mswala nilikwishautandika tangu jana kwa ajili ya alfajiri, mbele ya ukuta wa dirisha, pale pale unapokaa siku zote. Nikaunyooshea kidole hata sikufikiri.

"Si huku tunakoswalia? Kibla chetu sisi watu wa huku kiko kaskazini."

"Una hakika, mama?"

"Hamisa! Mimi Jiografia nimefaulu."

Akacheka, akaweka rula, akachora mshale ulionyooka sawasawa kuelekea ukuta wa dirisha, na juu yake akaandika K kubwa, akaipaka rangi nyekundu.

*

Walikuja wiki iliyofuata, kabla ya adhuhuri. Nilikuwa nimefagia uwanja mpaka mchanga ukaonyesha mistari ya fagio. Nilikuwa nimevaa gauni langu la kikao na nimeandaa sinia la maandazi kwa ajili ya watoto. Wakaingia kwa mstari, wamechafuka vumbi mpaka magotini, Mwalimu Ponsiano nyuma yao, dira inaning'inia kifuani kwa uzi kama filimbi ya mwamuzi.

"Hodi hapa kwa mwanajiografia!"

"Karibuni, mwalimu. Karibuni wanangu."

"Shikamoo mamaaa!" Darasa zima.

"Marahaba, hamjambo?"

Hamisa alisimama mbele ya wenzake, amenyooka, amebana midomo asicheke kwa furaha. Mwalimu akaitandaza manila yake mchangani, akaizungusha mpaka nyumba ya kwenye karatasi ikaelekea kama nyumba yenyewe. Akaisifu. Akawasifu na kuku. Kisha akaweka dira juu yake, watoto wakainama vichwa vikagongana.

Akaigonga dira kwa kidole. Akaigonga tena.

"Hamisa, kaskazini umeiweka huku. Sindano inakwenda huku."

Hata mimi niliyekuwa nimesimama na sinia niliona. Mshale mwekundu ulikwenda upande wake na sindano upande wake, mmoja unaelekea dirishani kwetu, mwingine unakata kona kupitia banda la kuku.

"Dira mbovu," Hamisa akasema.

Watoto wakacheka. Mwalimu naye akatabasamu. "Dira nzima, Hamisa. Tumetoka nayo kwa akina Evaline sasa hivi."

"Lakini mwalimu, ndiko tunakoswalia! Mama amesema kibla chetu kiko kaskazini."

"Hapo amesema kweli kabisa," mwalimu akajibu, na yeye ni Mkristo wa Bukoba lakini dunia anaijua. "Ukiwa hapa kwetu, Maka iko kaskazini."

Watoto wakaanza kuunganisha mambo. Aliyewahi alikuwa Zaidi, mtoto wa mwenye nyumba, ambaye hulala ukuta wa pili na sisi.

"Kwa hiyo nyinyi mnaswalia Mlandizi!"

Uwanja ukalipuka, maana Mlandizi ni mji wa jirani tu, huko magharibi. Walicheka mpaka mmoja akakalia manila. "Mlandizi! Mlandizi!" Mama Zaidi, aliyekuwa amesimama mlangoni kwake akitazama, akapiga makofi mara moja na kuiacha mikono hapo hapo, akaniita:

"Ee, Maulida! Mtoto wa Chole wewe, kibla kinakupoteaje chumbani?"

Mwalimu Ponsiano akanyanyua uso. "Mama Hamisa, ulimwelekeza wewe?"

Alikuwa anatabasamu. Ninataka ieleweke hivyo, kwa sababu sina pa kumtupia lawama. Hakuniuliza kwa ubaya. Alikuwa tayari kucheka na mimi, na kama ningesema "Ndiyo mwalimu, nimepotea," tungecheka wote, watoto wangekula maandazi, na kesho yake wangekuwa wamesahau. Lakini mimi pale niliona kikao cha wazazi. Niliona mwalimu mkuu akiulizwa kuhusu mwanamke asiyejua kaskazini ya chumbani kwake. Niliona ile C.

"Mimi?" nikasema. "Hapana, mwalimu. Mimi nilimwambia atazame jua. Watoto nao, unawajua. Wanapenda kubuni."

Hata jua nililiongeza. Hakuna aliyeliulizia. Na nikacheka kidogo, kicheko cha mtu mzima kumchekea mtoto.

Hamisa akanitazama. Hakukasirika. Alinitazama jinsi anavyonitazama nikimwita kutoka mbali, kichwa kimeinama upande, anahakikisha kama amesikia vizuri. Halafu akatazama vidole vyake vya miguu.

"Hamisa," mwalimu akasema, kwa upole uleule, "usipojua, sema sijui. Usibuni, halafu ukamsingizia mama. Sawa?"

"Ndiyo, mwalimu."

Ndiyo, mwalimu. Alilibeba. Mtoto wa darasa la nne alilipokea lile jambo mbele ya wenzake wote akalibeba, wala hakugeuka kunitazama tena. Nikapitisha sinia. Kila mtoto alichukua. Yeye alisema ameshiba.

*

Walipoondoka, mstari aliouchora mwalimu kwa kijiti kuonyesha kaskazini ulibaki uwanjani. Nikasimama juu yake nikatazama vyumba vyetu, na hapo ndipo nilipoelewa.

Baba yangu kule Chole alijenga nyumba yake kwa kamba na vigingi, na kabla hajapiga kigingi cha kwanza alikwenda msikitini akatazama mihrabu ilivyokaa. Akaikalisha nyumba vile vile. Mimi nimekulia humo. Kwetu, ukisimama sawa na ukuta wa mbele umesimama sawa na kibla. Hakuna mtu aliyewahi kufundishwa, ni kama kujua mlango uko wapi. Nilipohamia Mkuza nikatafuta ukuta unaoelekea kaskazini kwa kukisia, nikatandika mswala kuuelekea, basi. Haikunijia kwamba huku nyumba hufuata barabara ya mtaa na mawe ya wapimaji wa viwanja, na barabara ya mtaa wetu inakwenda mshazari.

Ningeweza kumweleza Hamisa hayo jioni ile ile. Ni kisa kizuri, hata kinachekesha. Adhuhuri nilipoingia ndani nikauzungusha mswala mpaka ukalingana na mstari wa uwanjani. Kona yake ikagonga mguu wa kitanda. Hamisa aliporudi kutoka shuleni akauona umekaa mshazari vile. Akavua viatu, akachukua udhu, akasimama nyuma yangu kwenye kanga yake. Tukaswali alasiri. Nilipotoa salamu nikageuka.

"Hamisa."

"Abee, mama."

Alikuwa na uso wa adabu kabisa. Nikafungua mdomo.

"Kanywe chai," nikasema.

Ikawa hivyo. Mtu asiyejua angesema mtoto amenyooka. Shikamoo asubuhi, shikamoo akirudi, vyombo anaosha bila kuambiwa. Lakini kazi za shule hakunionyesha tena. Nikimuuliza, "Leo wamewapa nini?" anajibu, "Nimeshamaliza, mama." Alikuwa anafanyia barazani kwa Mama Zaidi, anamuuliza dada mkubwa wa Zaidi maswali aliyokuwa akiniuliza mimi. Nilikuwa namsikia kutoka jikoni. Alikuwa anauliza, anajibiwa, na anauliza tena, "Una hakika?" Zamani hakuwa na tabia ya kuuliza mara ya pili isipokuwa kwa utani.

Ramani alitakiwa airudie. Aliufuta ule mshale mwekundu mpaka manila ikatoboka, akabandika kipande cha karatasi nyuma, akachora mwingine. Na uani ikawa wimbo: Zaidi akimwona anapita na ndoo, "Mlandizi, shikamoo!" Mama yake anamkemea, "Weee, acha!" huku bega linamtikisika kwa kucheka.

Baba yake Hamisa, Shabani, ni utingo wa malori ya Tunduma. Akipiga simu anakuwa na upepo nyuma yake. Nilimsimulia habari ya kibla. Akacheka mpaka akakohoa.

"Kumbe ndiyo maana dua zangu zinachelewa! Zinapitia Mlandizi kwanza, zinashusha abiria." Kisha akatulia. "Hapana, Mama Hamisa, usijitese. Hukujua. Mungu anaangalia nia. Mtoto hajambo?"

"Hajambo."

Habari ya mtoto sikumsimulia. Kibla nilikosea kwa kutojua, hilo niliweza kulisema hata kwa kucheka. Lile jingine nilikuwa najua ninachofanya.

*

Safari ya Kisarawe ilihitaji wazazi watatu wa kuongozana na watoto. Mama Zaidi alijitolea, na mzee mmoja mstaafu, Babu Onesmo, ambaye mjukuu wake yuko darasani humo. Mwalimu akanipigia mimi mwenyewe. "Wewe siwezi kukuacha," akasema. "Hii itakuwa kama mazoezi yako ya kufundisha." Nikamshukuru. Nilipokata simu nikakuta mkono wangu unafuta meza iliyokuwa safi.

Basi la kukodi lilitupakia getini pa shule asubuhi. Hamisa alikaa mbele na Evaline. Mimi nilikaa nyuma na ndoo ya maji ya kunywa katikati ya magoti, na kwa muda wote huo niliona nywele zake tu, mabutu mawili niliyomsuka usiku wa kuamkia siku hiyo akiwa amekaa kimya katikati ya miguu yangu. Tulipofika Kiluvya basi likakata kulia, lami ikapanda na kushuka, mikorosho ikaanza. Watoto wakaimba. Mimi ile ni njia ya kwetu. Nimeipita nikiwa na furaha na nimeipita nikiwa na msiba, lakini sikuwahi kuipita nikitamani basi liharibike.

Mwalimu Ponsiano akanifuata nyuma akining'inia kwenye vyuma vya viti.

"Kuna jambo dogo, Mama Hamisa. Watoto tumewagawa makundi matatu, kila mzazi na lake. Hamisa ameomba awe kundi la Mama Zaidi." Akashusha sauti. "Nadhani anaona haya kufundishwa na mama yake mbele za watu. Watoto wa umri huu wako hivyo."

"Ndiyo," nikasema. "Wako hivyo."

Tukateremka nje kidogo ya mji wa Kisarawe, ukingoni mwa msitu. Kulikuwa na ubaridi, na harufu ya majani yaliyooza ambayo mimi naiita harufu ya nyumbani. Mwalimu akawapanga watoto nusu duara kwenye uwazi. Kila kundi lingepewa futi kamba ya kupimia unene wa miti, mifuko ya kuokotea majani ya Sayansi, na kuna mti mmoja mkubwa ulioandaliwa ambao wangeufikia kwa kufuata pande za dunia. Macho yao yalikuwa yanawaka. Ningekuwa mwalimu wao ningelia.

"Kabla ya dira," mwalimu akasema, ameificha kiganjani, "nani atatuonyesha kaskazini kwa akili yake mwenyewe?"

Mikono ikapaa. Mkono wa Hamisa nao ulinyanyuka, nusu, kiwiko bado kimebana ubavuni.

"Mwalimu, mchague Hamisa!" Zaidi akapaza sauti. "Atupeleke Mlandizi!"

Kicheko. Mkono ukashuka.

"Zaidi, nyamaza," mwalimu akasema, lakini mwenyewe tabasamu lilikuwa limemponyoka. "Haya Hamisa, jaribu. Leo usibuni. Tazama jua."

Leo usibuni. Aliyasema kwa wema, kama mtu anavyokumbusha mtoto afunge kamba za viatu. Kumbe hicho ndicho alichokuwa anamjulia mwanangu sasa. Kichwani mwa mwalimu wake, katika ile orodha isiyoandikwa ambayo kila mwalimu anayo, nani mvivu, nani mtundu, nani mpole, Hamisa alikuwa amewekwa kwa wanaobuni. Na niliyemweka ni mimi. Na yeye alikuwa amesimama pale anatafuta jua kwenye matawi, shingo imenyooka, na kidevu kinaanza kutetemeka.

"Mwalimu, hakubuni."

Sauti ilitoka nyembamba. Mwalimu akageuka. "Unasemaje, Mama Hamisa?"

"Siku ile. Nasema hakubuni." Ndoo ya maji ilikuwa bado mkononi mwangu, ikawa inanivuta bega, sikukumbuka kuitua. "Mimi ndiye niliyemwambia kaskazini iko kwenye ukuta wa dirisha. Aliniuliza kama nina hakika, nikamwambia nina hakika. Uliponiuliza wewe, nikasema sikumwambia. Na ile habari ya jua niliitunga pale pale."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba watacheka. Babu Onesmo alitazama ncha ya fimbo yake. Mama Zaidi akavuta mtandio, akafunika mdomo.

Evaline, ambaye hana baya, akauliza kwa sauti ya kutaka kujua tu, "Kwa hiyo mama, wewe ndiye uliyedanganya?"

"Evaline!" mwalimu akamkata.

"Mwache, mwalimu," nikasema. "Ndiyo, mwanangu. Mimi ndiye niliyedanganya. Hamisa alisema kweli mara zote."

Nilidhani ukishasema kitu kama kile mzigo unashuka. Haukushuka. Uso ulikuwa unaniwaka mpaka masikioni, na niliona kila mtoto ananitazama upya, kuanzia kanga mpaka kandambili, kama wananiona leo. Hawa ndio watoto niliotaka wadogo zao waniite mwalimu. Mwalimu Ponsiano alikuwa akiukunjua na kuukunja ule uzi wa dira kidoleni. Hakuniambia si kitu. Namheshimu kwa hilo, maana ilikuwa ni kitu.

"Hamisa," akasema hatimaye. "Mimi nilikwambia umemsingizia mama. Nilikosea. Nisamehe."

Hamisa akaitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yamefika, akayafuta kwa mkono wa sweta upesi, kabla hayajahesabiwa na wenzake.

"Haya," mwalimu akapiga makofi, sauti yake bado haijakaa sawa. "Tusipoteze jua. Makundi! Kila mtu kwa kiongozi wake!"

Vurugu za watoto zikaanza, zikaniokoa kidogo. Walikimbilia huku na huku wakigombea futi na mifuko. Walio wa Babu Onesmo wakamzunguka, mmoja akaomba ashike fimbo. Walio wa Mama Zaidi walikwisha kumvuta kanga. Nikatua ndoo, nikachukua futi kamba yangu, nikasimama chini ya mti wa kwanza niliopangiwa kupima na kundi langu.

Walio wangu hawakuja. Sina hakika kama ni kwa ubaya. Walikuwa wamejikusanya hatua chache mbele yangu, wanasukumana, kila mmoja anangoja mwenzake atangulie. Mvulana mmoja alinong'ona kitu, wakatazamana. Nikajifanya nanyoosha futi. Nilikuwa naivuta inajirudisha, naivuta inajirudisha. Nikawaza, hapa kama kuna mwanamke mwenye C ya Jiografia anayetaka kusimama mbele ya darasa, basi hivi ndivyo inavyokuwa siku wanapokujua. Na bado, ajabu, nilitaka. Nilitaka waje tupime ule mti. Nilikwishaona ulipo uvimbe kwenye shina ambapo wangekosea wasipoangalia, na nilikuwa nimeshapanga jinsi ya kuwauliza bila kuwaambia jibu.

Upande wa pili wa uwazi, Mama Zaidi alikuwa anahesabu watoto wake kwa kuwagusa vichwa. Alipofika kwa Hamisa mkono wake ukapita hewani. Hamisa alikuwa ametoka kwenye mstari. Alisimama katikati ya uwazi peke yake, mfuko wa majani mkononi, ananitazama, na safari hii nami sikumkwepa. Sikumwita. Nilitamani sana kumwita, lakini haikuwa haki yangu.

"Hamisa, vipi?" Mwalimu Ponsiano akauliza. "Kundi lako si hilo?"

Watoto waliokuwa wananong'ona wakageuka wote kumtazama. Zaidi akafungua mdomo, mama yake akamfinya sikio kabla hajatoa neno.

Mwanangu akavuta pumzi, akasema kwa sauti ambayo wote tuliisikia:

"Mwalimu, mimi nitakwenda na mama yangu."